Sukari inabaki na elfu tatu, kodi ni elfu nne mia tisa: duka la Nyegezi lifanyeje?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la vyakula na vinywaji Nyegezi, hapa Mwanza, jumla kidogo na rejareja, na pembeni nafanya uwakala wa pesa za simu. Mwaka jana nilikadiriwa mauzo ya milioni 31 nikalipa kodi 1,085,000. Mwaka huu, mwanzoni mwa Februari, afisa wa Mamlaka ya Mapato, TRA, alikuja siku ambayo mzigo ulikuwa umeshushwa, akatazama, akauliza maswali mawili matatu akaondoka. Wiki iliyopita nimepata makadirio: mauzo milioni 90, kodi 3,150,000, na robo ya kwanza 787,500 kabla ya Machi 31. Mfuko wa sukari wa kilo 50 nauza 140,000, ninabaki na 3,000. Hiyo kodi itoke wapi? Mashine ya EFD, ya kutolea risiti za kodi, ninayo ila risiti natoa kwa anayeomba. Vitabu sina, nina daftari la madeni tu. Mume wangu anasema tufungue kampuni. Jirani ana kijana "anayejuana na watu", anataka laki tatu alimalize. Na kuna mtu wa kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, yuko tayari kunikopesha hiyo robo ya kwanza. Nishauri kama dada yako wa damu.

JIBU

Dada yangu, pole. Nianze na huo mfuko wa sukari, maana ndani yake kuna jibu la nusu ya maswali yako.

Kodi uliyokadiriwa haitazami faida. Inatazama mauzo ghafi, yaani fedha yote iliyoingia kwa kuuza kabla hujatoa hata senti ya mtaji. Tangu Sheria ya Fedha ya 2022, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo yanayozidi milioni 11 hadi milioni 100 kwa mwaka anatozwa asilimia 3.5 ya mauzo hayo. Ndiyo maana milioni 31 ilizaa 1,085,000, na milioni 90 imezaa 3,150,000. Afisa hakukosea kuzidisha. Sasa chukua mfuko wako wa 140,000: asilimia 3.5 yake ni 4,900. Wewe umebaki na 3,000. Kwa kila mfuko wa sukari unaouza chini ya utaratibu huu, unatoa 1,900 mfukoni mwako ili mteja apate sukari. Duka linasimama kwa sababu viberiti, sabuni za vipande, biskuti na soda baridi vinabeba mzigo wa sukari.

Utaratibu huu wa makadirio uliwekwa kwa ajili ya watu wasio na hesabu, na kwa biashara nyingi ni nafuu kweli. Mwenye saluni anayeingiza milioni 30 kwa mwaka na kubaki na milioni 12 baada ya gharama, kwa makadirio analipa 1,050,000. Angetozwa kwa faida yake angelipa 1,536,000. Huyo akae kwenye makadirio na ashukuru. Duka la jumla ni kitu kingine: fedha nyingi inapita, kidogo inabaki. Kuwatoza hawa wawili kwa kipimo kimoja ni kama kutoza ushuru wa samaki kwa kupima maji ya ziwa.

Jambo ambalo wenye maduka wengi hawaambiwi ni kwamba makadirio kwenye mauzo si kifungo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inampa mtu binafsi haki ya kuchagua kutokuwemo kwenye utaratibu huo kwa mwaka husika, na kutozwa kwa faida kama walipakodi wakubwa. Viwango vya mtu binafsi mkazi ni hivi: faida ya mwaka hadi 3,240,000 haina kodi. Inayozidi hapo hadi 6,240,000 inatozwa asilimia 8. Kisha asilimia 20 hadi 9,120,000, asilimia 25 hadi 12,000,000, na juu ya hapo asilimia 30.

Hujanipa takwimu za duka lako, kwa hiyo nitatumia za mfano kwa duka la ukubwa huo. Kaa na kalamu, weka zako. Huna vitabu, lakini mauzo ya mwaka jana yanaweza kupatikana kwa mlango wa nyuma, kupitia manunuzi. Tuseme Januari ulianza na bidhaa za milioni 6.5 dukani. Mwaka mzima ulinunua za milioni 68. Desemba ulifunga na za milioni 7.2. Bidhaa ulizouza zilikugharimu 6.5 kujumlisha 68 kutoa 7.2, yaani milioni 67.3. Kama kwa wastani unaongeza asilimia 12 juu ya bei ya kununulia (sukari asilimia 2, vitu vidogo 20 na zaidi), basi uliuza kwa 75,376,000 na faida ghafi ni 8,076,000. Ongeza kamisheni ya uwakala, tuseme 110,000 kwa mwezi, 1,320,000 kwa mwaka. Mauzo ghafi yote yamefika 76,696,000.

Gharama sasa. Pango 150,000 kwa mwezi ni 1,800,000. Kijana wa dukani 200,000 kwa mwezi ni 2,400,000. Umeme, usafiri wa mzigo na mengineyo 840,000. Jumla 5,040,000. Kwenye 9,396,000 ya faida ghafi na kamisheni, unabaki na 4,356,000.

Kwa utaratibu wa mauzo, hata ukishushwa kutoka milioni 90 hadi hiyo milioni 76.7, kodi ni 2,684,360. Zaidi ya nusu ya kilichobaki. Kwa utaratibu wa faida, 3,240,000 za kwanza hazina kodi, na 1,116,000 iliyobaki inatozwa asilimia 8. Ni 89,280.

Najua unaisoma mara ya pili. Isome hata ya tatu, hesabu ni hiyohiyo. Tofauti ya takriban milioni 2.6 ndiyo bei ya kutokuwa na vitabu.

Haki hiyo inakuja na mzigo wake. Ukisema "nitozeni kwa faida", unapaswa kuithibitisha faida. Kila gharama unayotaka ihesabiwe iwe na risiti ya EFD au hati inayokubalika: manunuzi, pango, umeme. Ukinunua kwa mtu wa jumla asiyekupa risiti kwa sababu "ukichukua risiti bei inapanda", umejinyima gharama hiyo. Ule unafuu wa elfu mbili kwenye katoni utaulipia mwisho wa mwaka. Na kwa vitendo utahitaji mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu, akuandalie hesabu, na ritani (taarifa ya mwaka) ya mapato ipelekwe ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani ifikapo Juni 30. Mhasibu si bure, lakini kwa duka kama lako gharama yake haifiki hata karibu na milioni 2.6.

Sasa kwenye mashine yako ya EFD, hapo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe unadhani afisa alitazama mzigo tu. Inawezekana. Lakini kila unaponunua kwa risiti iliyoandikwa TIN yako (namba ya mlipakodi), taarifa hiyo inaingia kwenye mfumo wa TRA kutoka kwenye mashine ya aliyekuuzia. Ikiwa umenunua kwa risiti bidhaa za milioni 60 na mashine yako inaonyesha umeuza za milioni 31, huhitaji kuwa na shahada kuona kuna kitu hakilingani. Jambo jingine ni uwakala. Floti inayopita kwenye simu ya wakala si mauzo yako, ni fedha za watu, na kipato chako ni kamisheni tu. Lakini kama laini ya uwakala, Lipa Namba ya duka na simu yako ya kupigia shangazi vinachanganyika, mtu wa nje hawezi kuvitenganisha, na mara nyingi hata wewe mwenyewe huwezi. Chukua kwenye kampuni ya simu taarifa ya kamisheni zako za mwaka. Itaonyesha pia kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 10 iliyokatwa humo. Itunze.

Kwa hiyo kuanzia kesho asubuhi, kabla hata ya kwenda ofisi yoyote, kila mteja apewe risiti, wa kiberiti na wa mifuko kumi. Jioni toa ripoti ya Z, ile ya mauzo ya siku, ibandike kwenye daftari. Ikiharibika mashine, toa taarifa TRA na kwa aliyekuuzia siku hiyohiyo, kwa maandishi. Wafanyabiashara huniambia, "Nikitoa risiti zote si najichongea?" Kwa utaratibu wa mauzo, ndiyo, kila risiti inaongeza kodi, na ndiyo maana utaratibu huo unawafundisha watu kuficha. Kwa utaratibu wa faida mambo yanageuka: risiti ya kuuzia inakwenda pamoja na risiti ya kununulia, na kinachotozwa ni kile chembamba kilichobaki katikati. Mtu mwenye faida nyembamba hana sababu ya kuficha mauzo. Ana sababu ya kuonyesha manunuzi.

Bahati nzuri wakati uko upande wako. Makadirio uliyopewa Februari ni ya mwaka huu unaoendelea, na mwaka wa kodi kwa mfanyabiashara binafsi unakwisha Desemba 31. Hujachelewa. Andika barua kwa meneja wa TRA wa eneo lako, useme mambo mawili: kwamba unachagua kutozwa kwa faida kwa mwaka huu, na kwamba unaomba makadirio ya kodi ya awali, ile inayolipwa kwa robo, yarekebishwe. Ambatanisha mahesabu ya mwaka jana niliyokuonyesha, risiti za manunuzi, mkataba wa pango, taarifa ya kamisheni. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Mazungumzo ya mdomo na afisa, hata akiwa mwungwana, hayana kumbukumbu. Afisa huhamishwa, barua yenye muhuri haihamishwi.

Lakini mwaka jana upo, na hesabu hizo zitaonyesha uliuza zaidi ya milioni 31. Usiende peke yako kwenye kikao hicho, wala usiende na hesabu zilizopunguzwa ili zifanane na EFD. Nenda na mhasibu, mkubaliane kwanza mtasema nini kuhusu mwaka jana, na mseme kweli. Huenda ukadaiwa tofauti, pengine na adhabu. Ukiitwa mbele ya Kamishna ukiwa na vitabu viwili, utadaiwa mara nyingi zaidi ya hapo. Deni linaloeleweka linaweza kuombewa kulipwa kwa awamu, na maombi ya namna hiyo hupokelewa vizuri zaidi yakija kabla ya tarehe kupita.

Ikiwa ofisi itakataa kurekebisha, kuna pingamizi rasmi. Una siku 30 tangu ulipopokea makadirio, na siku hizo zinahesabiwa tangu wiki iliyopita, si tangu siku utakayokasirika. Kumbuka pingamizi halipokelewi hivihivi: unatakiwa ulipe kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, chochote kilicho kikubwa. Kwako theluthi ni 1,050,000. Unaweza kumwomba Kamishna Mkuu akupunguzie au akusamehe sharti hilo kwa sababu za msingi, kwa maandishi. Uamuzi wa pingamizi usipokuridhisha, hatua inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi. Sikushauri uanzie huko. Nimeona wengi wakishinda kwa meza na vielelezo, na wachache wakishinda kwa ubishi.

Hasira naielewa. Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja, wakafunga tena Juni 2024, na Oktoba mwaka huo Rais akazindua tume ya kuangalia upya mfumo wa kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Malalamiko ya kukadiriwa kwa macho si yako peke yako. Ila mgomo unasukuma sheria ya kesho, na robo yako ya kwanza ni ya Machi 31.

Kuhusu kampuni, mwambie shemeji asubiri. Kampuni haina 3,240,000 za bure. Inatozwa asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza ya faida. Ile faida ya 4,356,000 ambayo kwako binafsi inazaa kodi ya 89,280, kwenye kampuni inazaa 1,306,800. Kweli kampuni ingeweza kukulipa mshahara na mshahara huo ukawa gharama, lakini hapo umeingia kwenye PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (hifadhi ya jamii) na michango mingine kwa ajili yako mwenyewe. Kisha kuna ritani za kila mwaka kwa BRELA, wasajili wa kampuni, hesabu zilizothibitishwa na mhasibu hata mwaka uliopata hasara, na adhabu za kuchelewa ambazo kwa kampuni ni kubwa kuliko za mtu binafsi. Kampuni ni nzuri kwa mwenye wabia, anayeomba zabuni, au ambaye deni la biashara linaweza kumeza nyumba yake. Kuifungua ili kukimbia makadirio ni kuhama kwenye mvua na kwenda kusimama chini ya mfereji.

Angalia pia dari zilizo juu yako. Mauzo yakizidi milioni 100 unatoka kwenye makadirio utake usitake, kwa hiyo vitabu utavihitaji tu. Kujisajili VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kunaanzia milioni 200 tangu Julai 1, 2023 (kabla ya hapo ilikuwa milioni 100), na huko bado uko mbali. Na kila Julai Mosi Sheria mpya ya Fedha inaanza kutumika. Jenga tabia ya kuuliza nini kimebadilika kila baada ya Bunge la bajeti. Wenzetu wa Zanzibar wana mamlaka yao, ZRA, na baadhi ya viwango vyao ni tofauti, kwa hiyo ushauri wa shoga yako wa Darajani usiuchukue mzimamzima.

Vitu viwili hukuuliza, lakini vitaulizwa na afisa siku atakapofungua faili lako.

Cha kwanza ni pango. Wewe mpangaji mwenye biashara ndiye unayetakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi uliolipa. Kwa pango la 1,800,000 ni 180,000. Ni kodi ya mwenye nyumba, si yako, ila sheria imekuweka wewe kuwa mkusanyaji. Wenye nyumba wengi husema "mimi nataka hela yangu kamili", na mpangaji akiogopa kufukuzwa anaibeba mwenyewe juu ya pango. Hilo lijadiliwe siku ya kuandika mkataba, si siku ya kulipa. Mkataba wenyewe ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango, kwako 18,000, la sivyo siku ya ugomvi mahakama haitaupokea kama ushahidi.

Cha pili ni kijana wako. Mshahara wa 200,000 uko chini ya 270,000 kwa mwezi, kwa hiyo hana PAYE ya kukatwa. Tozo ya ufundi stadi haikuhusu hadi uwe na wafanyakazi kumi. Lakini NSSF, asilimia 20 ya mshahara mkigawana nusu kwa nusu, na mfuko wa fidia wa WCF, asilimia 0.5, vinakuhusu hata kwa mfanyakazi mmoja. Na ukitaka mshahara wake uhesabiwe kama gharama, lazima awe na mkataba na asaini kila mwezi. Mshahara wako mwenyewe si gharama. Unachochukua ni faida yako, na kinatozwa kama faida hata kama kimeishia kwenye ada ya shule.

Hapo ndipo tunafika kwenye fedha yenyewe, maana kodi ikikukuta huna akiba, hata 89,280 inauma. Daftari la madeni peke yake ni daftari la huzuni, linakuonyesha waliokula mali kauli na basi. Ongeza la pili, la kawaida la mistari, ukurasa mmoja kwa siku. Upande wa kushoto andika fedha iliyoingia: taslimu, Lipa Namba, madeni yaliyolipwa. Kulia andika iliyotoka: manunuzi, gharama, na safu ya peke yake kwa ajili ya nyumbani. Unga uliochukua dukani kwenda kupika uandike kwenye safu ya nyumbani kwa bei uliyonunulia. Jioni hesabu droo. Isipolingana, andika hivyohivyo kwamba imepungua elfu nne, usiibembeleze. Baada ya mwezi utajua ni siku zipi hupungua na nani alikuwepo. Mama mmoja niliyemsaidia aligundua kwa namna hiyo kwamba hakuwa akiibiwa. Alikuwa akila mtaji mwenyewe, chenji kwa chenji.

Risiti za manunuzi uzipige picha kwa simu siku hiyohiyo. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka mitano, na ile karatasi ya EFD inafifia ndani ya miezi, hasa duka likiwa na joto la bati. Nimewahi kuletewa mfuko mzima wa risiti nyeupe kama unga, na mwenyewe anaapa kila moja ilikuwa na maandishi.

Fungua laini moja ya Lipa Namba isiyopokea kitu kingine chochote: si mchezo, si kikoba, si fedha za mchango wa harusi. Kila jioni toa fungu la kodi uliweke kwenye akaunti isiyo na kadi. Ukishushwa hadi makadirio ya milioni 76.7 na kubaki humo, fungu hilo ni karibu 8,700 kwa siku kwa siku 310 za kazi. Ukihamia kwenye faida, 1,000 kwa siku inatosha kodi na inabaki ya mhasibu, mradi hesabu zako zifanane na za mfano wangu.

Kausha damu achana naye. Deni linalolipwa kila siku kutoka kwenye duka la faida ya asilimia chache linakula mzigo wenyewe: leo unarudisha rejesho, kesho rafu ya mafuta iko tupu, keshokutwa mteja kahamia kwa jirani. Na fahamu kwamba rejesho la mkopo si gharama ya kupunguza kodi. Riba pekee ndiyo inahesabiwa, tena kwa mkopo wenye karatasi, na kausha damu hana karatasi za kumwonyesha afisa. Kama ni lazima ukope kwa ajili ya mzigo, uliza halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Haina riba. Inataka kikundi, inataka uvumilivu, na inataka hilo daftari la pili. Kwa robo hii ya kwanza, usikope. Barua yako ya kuomba marekebisho iende wiki hii, na humo humo omba kulipa kwa awamu endapo marekebisho yatachelewa kupita Machi 31.

Amebaki kijana wa laki tatu. Kodi ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, kwenye benki au kwa simu, na jina linalotokea kabla hujabonyeza ni TRA. Hakuna kiasi chochote halali kinachopita mkononi mwa mtu, awe afisa au rafiki wa afisa. Akikuchukulia laki tatu, deni la 3,150,000 litabaki kwenye mfumo vilevile, na mwakani atarudi kwa sababu sasa anajua unatoa. Hizo laki tatu tafutia mhasibu mjini Mwanza, mpe daftari, risiti na mkataba wa pango, na mwambie unataka barua iwe imegongwa muhuri kabla ya Ijumaa.